Kifungo cha shati na shahada ya tiba kwa vitendo

Anayeanza shahada ya tiba kwa vitendo (wengine huiita tibakazi), yaani kumsaidia aliyeugua au kuumia aweze tena shughuli zake za kila siku, kwa kawaida huogopa anatomia. Ni woga wa haki, lakini mifupa na neva hukaririwa. Kinachowakwamisha wengi huja baadaye, wanapotakiwa kuichambua shughuli ndogo kama kufunga kifungo cha shati na kueleza kwa nini mtu huyu, kwa mkono huu na katika chumba hiki, hawezi kuifanya.

Tuanze na hicho kifungo. Mkono mmoja unashika ukingo wa tundu na kuukaza. Mwingine unabana kifungo kati ya kidole gumba na cha shahada, unakilaza ubavu, unakisukuma, kisha vidole vinabadilishana upande ili kukivuta. Gumba likishindwa kuvielekea vidole vingine, mshukiwa wa kwanza ni neva ya mediani, ile inayopita kwenye handaki la kifundo cha mkono pamoja na kano 9. Neva hiyohiyo ndiyo inayoleta hisia za ncha za gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado ashindwe, kwa kuwa hahisi alichoshika. Atafunga vifungo vya kifuani kwa msaada wa macho, halafu akwame kwenye cha kola asichokiona. Mwanafunzi anayeandika tu “ana udhaifu wa vidole” ameipita dalili muhimu kuliko zote.

Na hapo hatujatoka mkononi. Aliyepata kiharusi anaweza kuwa na vidole vizuri, ila akiketi anayumba, hivyo mkono mmoja unatumika kujishikilia kwenye kiti. Mgonjwa mwingine hautambui upande wa kushoto wa shati lake. Mwingine anaanzia kifungo cha pili kwenye tundu la kwanza na haoni kosa mpaka afike chini. Shida inayoonekana ni ileile, vyanzo ni vinne tofauti, na kila kimoja kinataka mpango wake. Fanya zoezi hili kila wiki kwa shughuli moja ya kawaida: andika hatua zake (zikipungua 10 hujatazama vizuri), kisha mbele ya kila hatua andika inadai nini kwenye viungo, nguvu, hisia, macho, umakini na mpangilio wa fikra. Baada ya muhula mmoja utaanza kusoma anatomia kwa jicho jingine, kwa sababu kila msuli utakuwa na kazi unayoijua.

Ukishajua chanzo, kuna njia kuu mbili: kurudisha uwezo uliopotea, au kuufidia. Ndoano ya vifungo, kifungo kikubwa, utepe wa kunasa au fulana isiyo na vifungo ni kufidia. Wanafunzi wengi hukimbilia kifaa kwa sababu kinaonekana haraka, na hakuna ubaya ikiwa uwezo hautarudi au mgonjwa anataka kurudi kazini wiki ijayo. Lakini sema umechagua njia ipi na kwa nini. Kanuni ya kuvaa kwa aliyepooza upande mmoja nayo iwe kichwani: mkono uliopooza hutangulia kuingia, na wakati wa kuvua mkono mzima hutangulia kutoka. Ukigeuza, mgonjwa atalazimika kuuvuta mkono usiomtii ndani ya shati lililokwisha kubana, na bega lililolegea huumia hapo.

Malengo ndiyo sehemu inayorudishwa na kalamu nyekundu kuliko zote. “Ataboresha matumizi ya mkono” si lengo, maana hakuna siku utakayoweza kusema limetimia. Linganisha na hili: “Ndani ya wiki 3, akiwa ameketi kwenye kiti kisicho na mikono, atafunga vifungo 4 vya shati lake kwa ndoano, ndani ya dakika 5, akikumbushwa kwa maneno mara 1.” Kuna muda, mazingira, kiasi, kifaa na kiwango cha msaada. Na lengo litoke kwake. Kipimo cha COPM kilichotoka Kanada kimejengwa juu ya wazo hilo: mtu mwenyewe anataja shughuli zinazomtatiza, anazipa alama 1 hadi 10 kwa umuhimu, kisha kwa anavyozimudu na anavyoridhika. Badiliko la alama 2 kwa kawaida huhesabiwa kuwa la maana. Kosa la kawaida ni kumsomea mgonjwa orodha yako akaitikia kila kitu.

Vipimo vya mikono ni vyepesi, ila havisamehe uzembe. Nguvu ya kushika hupimwa kwa dainamomita, mpini ukiwa nafasi ya pili, kiwiko kikiwa nyuzi 90 karibu na mwili, mara 3, halafu unachukua wastani. Kwenye goniomita, kifaa cha kupimia pembe ya kiungo, andika daima kama kiungo kimesogezwa na mgonjwa au na wewe. Namba bila maelezo hayo haina kazi.

Maabara ya splinti (kifaa kinachofinyangwa ili kushikilia kiungo katika mkao unaotakiwa) inastahili muda zaidi, kwa sababu humo kosa huacha alama kwenye ngozi. Chora mchoro kwenye karatasi kwanza na uujaribu mkononi. Urefu wa splinti uchukue theluthi mbili za kigasha na upana wake nusu ya mzunguko. Ikiwa fupi, uzito wote unaangukia ukingo mmoja. Plastiki nyingi za joto la chini hulainika kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 75 za Selsiasi. Itoe, ifute maji, ijaribu kwenye ngozi yako, ndipo uiweke kwa mgonjwa. Una dakika chache tu kabla haijakaza, na ile nyembamba au yenye matundu hukaza upesi zaidi. Ikandamize kwa kiganja chote. Ncha za vidole huacha vishimo, na kila kishimo ni kidonda kinachosubiri. Usiivute ikiwa moto, itakuwa nyembamba na kuvunjika kwenye kona.

Kama splinti ni ya kifundo cha mkono peke yake, ikomee kabla ya mikunjo ya kiganja, la sivyo vidole havitakunjika kwenye mashina yake. Kwa mkono ulioungua au kupondeka, mkao unaofundishwa ni kifundo kuinuliwa nyuma nyuzi 20 hadi 30, mashina ya vidole kukunjwa nyuzi 70 hadi 90, na viungo vya mbele kunyooshwa. Sababu yake: ligamenti za pembeni za mashina ya vidole huwa zimenyooka kidole kikikunjwa, hivyo hazipati nafasi ya kufupika. Kwenye mfupa unaochomoza upande wa kidole kidogo, weka kipande cha sponji juu ya ngozi kabla ya kufinyanga, kisha ukihamishie ndani ya splinti. Ukikibandika baadaye utakuwa umeongeza mgandamizo badala ya kuupunguza. Mwishowe avae dakika 20 hadi 30, uvue, utazame ngozi. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 20 hivi unamaanisha kazi irudi kwenye maji.

Afya ya akili hupewa uzito mdogo na wanafunzi, kana kwamba kikundi cha ufundi ni cha kupitisha muda. Uchambuzi ni uleule. Kazi ya mikono ya dakika 15 yenye hatua 3 inadai umakini tofauti na ya saa nzima yenye uchaguzi mwingi, na kupandisha au kushusha ugumu huo ndiyo tiba yenyewe.

Kuhusu fildi: Shirikisho la Dunia la taaluma hii, WFOT, lililoundwa mwaka 1952, linataka si chini ya saa 1,000 za mafunzo kazini. Huko kosa kubwa ni mikono mirefu. Mgonjwa anasita sekunde 5, mwanafunzi keshamfungia kifungo, na hakuna kilichopimwa. Subiri, hesabu kimoyomoyo. Kabla ya kumhamisha mtu kutoka kiti cha magurudumu, funga breki na uinue vikanyagio. Wasimamizi wengi watakurudisha nyumbani kwa hilo, na wana haki.

Daftari la saa lisainiwe kila wiki. Msimamizi akihama, saa zisizo na sahihi ni ngumu kuzidai. Tunza pia maelezo rasmi ya kila somo, kwa kuwa ukiomba usajili nchi nyingine huombwa, na masharti hayafanani: Marekani, kwa mfano, kiwango cha kuingilia kazini ni shahada ya uzamili au ya udaktari, wakati nchi nyingi hukubali shahada ya kwanza.