Nani anasema kwa niaba ya Sohini?

Siku hizi nasoma hadithi za India zenye wanawake wa matabaka ya chini (yaani caste, tabaka ambalo mtu huzaliwa nalo), na kinachonisumbua zaidi ya mateso yao ni nani anayepewa nafasi ya kuyasimulia.

Katika riwaya ya Mulk Raj Anand, Untouchable, iliyotoka mwaka 1935, Sohini, binti wa tabaka linalohesabiwa kuwa najisi, haruhusiwi kuteka maji kisimani. Husubiri mpaka mtu wa tabaka la juu amhurumie na kumjazia mtungi. Kuhani anayemjazia ndiye anayemwita kufanya usafi kisha akamshika kwa nguvu, na binti alipopiga kelele, yeye akapaza sauti kwamba ametiwa najisi. Anand aliandika kwa uchungu wa kweli, lakini hasira tunayoisikia kwa kirefu ni ya Bakha, kaka yake. Sohini anaambiwa arudi nyumbani.

Gangi, mwanamke wa tabaka la chini katika hadithi fupi ya mwaka 1932 ya mwandishi wa Kihindi Premchand, ananigusa zaidi. Maji ya nyumbani yananuka, mumewe ni mgonjwa, naye ananyemelea usiku kisima cha Thakur, mwenye ardhi wa tabaka la juu, huku akijiuliza ni kwa nini wao waitwe duni ilhali Thakur huyo aliiba kondoo wa mchungaji akamla. Huyu anafikiri! Hata hivyo mlango unafunguka, kamba inamponyoka, anakimbia mikono mitupu.

Kisha nikamfikia Bama, mwandishi wa Kitamil ambaye mwenyewe ni Mdalit (mtu wa matabaka yaliyoitwa najisi), na kitabu chake Sangati cha mwaka 1994. Humo Mariamma anamponyoka mwenye shamba aliyemvuta ndani ya kibanda cha pampu. Bwana yule anawahi kumsingizia uzinzi, na baraza la wanaume wa jamii ya Mariamma mwenyewe linamtoza msichana faini, huku wanawake wanaojaribu kumtetea wakinyamazishwa. Kuandika hivyo juu ya watu wako, wakati wengine tayari wanawadharau, ni ujasiri ambao Anand hakuhitaji kuwa nao.

Bama pia hawasafishi wanawake wake ili tuwapende. Raakkamma, anayepigwa na mumewe, anatoka barabarani akimtukana matusi ya nguoni hadi wanawake wenzake wanamkemea, naye anawajibu wazi kwamba asingemwaibisha namna ile, mume angempasua kichwa.