Na miguu yao je?

Swali la nyanya limenikaa rohoni tangu Jumatatu na leo ni Jumapili. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, Fatma kaolewa, ngoma mpaka alfajiri, na bosi katwambia duka linahama Mwembe Tayari kwenda Nyali, lakini mimi nikilala nasikia sauti ya nyanya tu.

Mnajua vile napenda zile picha, mlisoma nilipoandika juu ya Lake Hillier, lile ziwa lililosifika kwa rangi ya pinki kule Australia. Sasa Jumatatu baada ya isha tuko barazani nikamuonyesha Salar de Uyuni ya Bolivia. Nikamwambia nyanya, hii si bahari wala si barafu, ni chumvi tupu, zaidi ya kilomita mraba 10,000, tena iko juu huko, mita 3,600 na kitu kutoka usawa wa bahari, zamani palikuwa na maziwa makubwa yakakauka chumvi ikabaki. Mvua ikinyesha maji yanatanda juu yake membamba kabisa, basi mbingu yote inaonekana chini, mtu utadhani anatembea juu ya mawingu. Nyanya akaisogeza simu kwenye lile jicho lake zima, akaangalia weee, nami nangoja aseme subhanallah.

"Na miguu yao je?"

"Miguu ya nani, nyanya?"

"Hawa wasimamao chumvini. Wamevaa viatu?"

Nikamwambia hao ni watalii tu, wanapiga picha wanaenda zao. Akanirudishia simu. "Haya," akasema, akajifunga leso vizuri akaingia ndani.

Ile "haya" ndiyo inayonila. Babu alivuna chumvi Gongoni miaka mingi kabla hawajahamia Kisauni, hilo nalijua, nililiandika hapa alipofariki, na bado nimemjibu nyanya kama mtu asiyejua chumvi ni nini. Nikakumbuka vile visigino. Nilikuwa mdogo, nyanya anapasha mafuta ya nazi kwenye kikombe cha bati, anampaka babu usiku, na kidole chake kinazama kwenye ufa wa kisigino mpaka kwenye ukucha, babu kauma meno hasemi kitu. Na wakati huo kazi ya chumvi alishaiacha zamani.

Jumatano sikulala, nikawa natafuta picha nyingine, za wenye kazi sasa. Ukingoni mwa Uyuni kuna kijiji kinaitwa Colchani, watu wanakwangua chumvi kwa sepeto wanaifanya vichuguu vichuguu ili maji yachuruzike ikauke, halafu ndio inapakiwa kwenye lori. Wamejifunga nyuso na miwani nyeusi kwa sababu jua likipiga ule weupe linarudi machoni. Na Danakil kule Ethiopia, zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, joto lake usiseme, Waafar wanakata chumvi vipande kama matofali wanawapakia ngamia. Nikawa natazama miguu tu. Wengine wamevaa buti za mpira, wengine champali za plastiki.

Ijumaa nikamuonyesha. Alipoona vile vichuguu akacheka, wallahi sijamsikia akicheka hivyo tangu eda. "Hivi hivi! Babuyo alikuwa akizipanga hivi hivi!" Akanieleza babu akija na baiskeli na chumvi ya mawe kaifunga kitambaani, na ng'onda aliyekuwa akimpaka chumvi hiyo, jirani wote wakiuliza kaipata wapi. Halafu akaniomba ile picha ya kwanza, ile ya mbingu chini.

"Hapa kwanyesha," akasema.

"Ndio nyanya, ndio maana panapendeza."

"Kwetu kukinyesha chumvi ilikuwa yayeyuka yote. Babuyo alikuwa akikaa pale mlangoni aangalia mvua, na mimi najua mwezi huo hapana kitu."

Akaishika simu muda mrefu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena, akaendelea kuangalia. Nimemwekea ile picha iwe ya kwanza akifungua simu yake.

Nilitaka niandike na mambo ya harusi lakini Faiz anakohoa tangu jana usiku, kikohozi kikavu, asali na ndimu hazijamsaidia, na hapa nilipo namsikia tena.