Uso wa bibi kwa rangi za maji: nilivyozuia tope na mwanga unaorukaruka

Nipo Wete, Pemba, najifunza kuchora nyuso kwa rangi za maji huku nikijirekodi kwa simu. Masika hii hewa imejaa unyevu, karatasi haikauki. Ukipitisha rangi ya pili juu ya tabaka bichi, shavu linageuka tope. Na kwenye video, kila mkono ukipita, mwanga unapanda na kushuka.

Dawa ya tope ilikuwa karatasi nene, gramu 300 kwa mita ya mraba, niliyoibana ubaoni kwa tepu pande zote. Kabla ya tabaka jipya naigusa kwa mgongo wa vidole: ikiwa ya baridi, bado ina maji hata kama haing'ai tena. Nasubiri. Ngozi ya bibi naichanganya kwa hudhurungi nyekundu na buluu kidogo. Kivulini naongeza buluu, nyeusi siigusi kabisa, inaua uso. Weupe wa jicho ni karatasi yenyewe.

Simu ilikuwa rahisi: nabonyeza kioo na kushikilia mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Dirisha liwe kushoto kama unachora kwa mkono wa kulia, kivuli kisikufuate. Futa kwanza lenzi. Upepo wa pwani huiachia chumvi.