Vibua wa Skagen

Mwanzoni mwa Julai 2012, mdogo wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Aalborg, alitupeleka mimi na Mama katika mji wa Skagen, kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Denmark. Mama alikuwa na wiki mbili nchini humo na hapakuwa na kitu kilichompendeza: baridi ilimtesa, barabara zilikuwa kimya mno, na milango ilikuwa imefungwa mchana kutwa, jambo ambalo mtu aliyekulia katika vichochoro vya Lamu hulihesabu kuwa ni ugomvi. Tulipanda treni hadi Frederikshavn, tukabadilisha, na baada ya safari ya kama saa mbili kwa jumla tukashuka kwenye mji wa nyumba za manjano zilizoezekwa vigae vyekundu. Mama alinusa upepo. "Hapa pana samaki," akasema, akatangulia bila kuuliza njia.

Bandari ile ilifunguliwa mwaka 1907. Kabla ya hapo wavuvi walikuwa wakizivuta mashua zao juu ya mchanga. Maghala mekundu ya samaki, yaliyochorwa na msanifu Thorvald Bindesbøll, sasa ni mikahawa, na siku ile meza zote zilikuwa zimejaa watu wanaomenya kamba kwa vidole huku shakwe wakiyavizia maganda. Mama hakutaka kukaa. Aliingia katika duka la samaki lililokuwa karibu, akasimama mbele ya barafu, akawataja mmoja mmoja kana kwamba anawasalimia: huyu gayogayo, huyu kibua, huyu simjui. Kisha akanyoosha kidole na kutaka kuona mashavu ya kibua. Mdogo wangu aliona haya kutafsiri, lakini muuzaji, mzee mwenye mikono mipana, alikwisha kufahamu. Alimwinua samaki, akalifunua shavu kwa kidole gumba, nasi sote tukainama kutazama wekundu wake, mbichi kama kidonda. "Wa leo," Mama akasema. Alipojaribu kuteremsha bei, mzee alicheka tu. Tukalipa bei ile ile iliyoandikwa.

Mimi nilikuwa na hamu ya kwenda kwenye jumba la makumbusho kuona michoro ya Anna Ancher na P. S. Krøyer, lakini kura zilikuwa mbili kwa moja. Tuliwaacha vibua kwenye jokofu la nyumba tuliyopanga, tukaenda Grenen, ambako trekta linalovuta behewa huwapeleka watu hadi mwisho wa nchi. Pale bahari mbili, Skagerrak na Kattegat, hukutana, na mawimbi ya pande mbili hupigana ana kwa ana. Kuogelea ni marufuku kwa sababu ya mikondo. Mama aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mchanga wa Shela, kule Lamu, ni mwingi zaidi. Aliunyamazia mchanga huo tulipomweleza, wakati wa kurudi, kwamba ndio uliolifukia kanisa la zamani la mji, hata waumini wakawa wanachimba njia ya kuingilia, mpaka mwaka 1795 likaachwa kwa idhini ya mfalme, na leo kinachoonekana ni mnara wake mweupe tu.

Jioni aliwapaka vibua tui la kopo na pilipili aliyoifunga katika kitambaa tangu nyumbani, akawachoma kwenye oveni, kisha akakaa dirishani na tasbihi yake kuingoja Magharibi, kwa kuwa hakutaka kula kabla ya kusali. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, na watoto wa jirani walikuwa bado wakicheza mpira nje. Mdogo wangu alimpashia sahani moto mara mbili. Jua lilizama saa nne na dakika ishirini hivi. Mama akasali, akaketi, akauliza ndimu iko wapi. Akaletewa limau. Alilinusa, akasema hili si ndimu, kisha akalikamua lote.