Boti ya mtumba usiilipie ikiwa bado mchangani

Jamani mnaokuja bwawa la Mtera kununua boti za mtumba naomba mnisikilize, maana naona watu wanatoka Dodoma mjini na hela zao, wanafika mwaloni wanakuta boti imepigwa rangi mpya, wanagongagonga ubavuni, wanaridhika, wanalipa. Rangi haikuambii kitu. Ingia nayo majini kwanza.

Mimi na binamu yangu tunatafuta boti ya faiba yenye mashine ya hospawa 15, ya kukusanyia perege na kambare kwa wavuvi. Mwenye boti tulimwomba kwenye simu kabisa, mzee wetu, shikamoo, tafadhali usiiwashe mpaka tufike. Hilo kwangu ni kubwa kuliko yote, mashine iliyokwisha pata moto inawaka kirahisi na inaficha ubovu wake. Tulipofika tukashika kichwa cha mashine, baridi kabisa. Binamu akavuta kamba, ikashika bila kusumbua, na yale maji ya kupoza yakatoka kwa nguvu. Yakitoka kwa kudondoka au yasipotoka kabisa zima hapohapo, itaungua.

Halafu pakia mzigo! Boti tupu hata mbovu inakimbia. Sisi tulijaza mifuko ya mchanga, tukapanda watu wazima, maboya tumevaa (viboko na mamba wapo humu), tukatoka. Miti iliyozama walipoziba mto Ruaha Mkuu kutengeneza bwawa hili bado ina visiki vyake humo ndani na kiangazi maji yakishuka vinakaa chini kidogo tu hauvioni, ndo maana propela za huku ziangalie meno yake moja moja. Oili ya gia nayo ifungulie kidogo, ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa jua maji yameingia.

Tukajaribu nyutro, rivasi, kukata kona, na upepo ulipoanza kusukuma mawimbi tukageuka tukayakabili, maana asubuhi maji yametulia kila boti ni nzuri. Hapo ndo tukaona. Binamu akiongeza moto, mashine inacheza pamoja na ubao wa nyuma ilipofungwa. Ukiusukuma kwa mkono huku mchangani hauchezi hata kidogo, ila ikisukuma mzigo unaona kabisa faiba inafunguka pembeni ya bolti, mbao ya ndani imeoza. Ikikatika katikati ya bwawa mashine inazama, na nyie sijui.

Mzee hakubisha, aliona kwa macho yake, tena nimemheshimu sana kwa hilo. Tumekubaliana fundi abadilishe ubao kwa gharama yake na karatasi za usajili azitoe tuzione, kisha tunapakia tena mchanga tunatoka nayo, ikikaa sawa ndo tunalipa.