Mpira umeshadunda, "du" inakuja baadaye

Jamaa mmoja hapa Ngamiani, Tanga, aliniambia simulesheni yangu ya mpira kudunda, ile ninayofundishia nishati na ambayo sauti yake ilikuwa inachelewa nyuma ya picha, dawa yake ni kompyuta mpya. Milioni na ushee! Mwenzie akasema niirushe tu sauti mapema, kabla mpira haujagusa chini. Nikamsikiliza. Kwenye spika ya bluetooth ya darasani ikakaa barabara. Mwanafunzi akachomeka hedifoni: "Mwalimu, mpira unalia ukiwa bado hewani!" Darasa zima likaangua kicheko. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi milisekunde mia na zaidi, waya haucheleweshi. Ukiifidia moja umeiharibu nyingine.

Basi nikaja na ujanja wangu, na huu naringia. Nilitengeneza kitufe kinacholia "tik" kikiguswa, nikatega simu ya pili irekodi, nikawa nakigonga kwa ukucha, si kwa nyama ya kidole. Ukucha kwenye kioo husikika "ko", kisha "tik" inafuata. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, utaona vilima viwili. Nafasi iliyo kati yao ndiyo ucheleweshaji wako, hakuna cha kubishana. Feni zima kwanza, na kama dirisha linaelekea kijiwe cha bodaboda, subiri usiku.

Nikaifungua na faili ya sauti yenyewe. Kumbe mwanzoni kuna kimya kitupu! Aliyeirekodi alikiacha, na MP3 nayo huongeza chake kidogo. Nikakata, nikahifadhi kwa WAV, vilima vikasogeleana papo hapo.

Mpira ukikaribia kutulia ndipo pana kazi: midundo inapandana kama bisi sufuriani. Nimeweka sharti, sauti isirudie kabla milisekunde 60 hazijapita, na mdundo hafifu usikike kwa chini. Tena usisubiri picha ndiyo upige sauti. Skrini ya kawaida hubadilika mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi, na mpira hugusa chini katikati ya picha mbili. Mimi nakokotoa muda wa kugusa mapema, naukabidhi kwa saa ya Web Audio, mfumo wa sauti ulio ndani ya kivinjari.

Darasani sasa ni spika ya waya, ya soko la Mgandini, elfu ishirini na kitu. Wanaokaa mita kumi nyuma bado sauti huwafikia na milisekunde 30 za safari ya hewani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.