Kabla hujavaa mkia wa nguva

Tangu video za wadada wanaoogelea na mikia ya nguva zianze kuzunguka kwenye simu, mabinti ninaowafundisha kuogelea hapa Mbeya wananiuliza hiyo kazi inalipa shingapi, na juzi mmoja kaitwa na hoteli akafanye shoo kwenye besdei ya mtoto, kaambiwa bwawa lipo, mkia upo, yeye aje tu. Kazi yenyewe siipingi, kule kwenye chemchemi ya Weeki Wachee, Florida, Marekani, wanaifanya tangu 1947 na watu wanaishi kwa hiyo. Nilimuuliza tu, mdogo wangu, nani atakuwa ndani ya maji na wewe? Hakuna aliyepangwa.

Aisee hilo ndo linaninyima raha. Mkia wa silikoni unaweza kufika kilo 15 hadi 20 ukiwa nchi kavu, miguu yote imebanwa kwenye pezi moja, sasa misuli ikikaza hapo huwezi kupiga mguu mmoja mmoja, huwezi kusimama, hata ngazi ya bwawa hupandi, na kama hujafanya mazoezi ya kuuvua ukiwa majini ndo basi tena.

Ila kinachoua zaidi ni pumzi. Mtu akitaka kukaa chini muda mrefu anahema fastafasta kabla ya kuzama, anadhani anajaza oksijeni, kumbe anachofanya ni kupunguza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndo inayokusukuma utamani kuvuta hewa. Ikishapungua, oksijeni inaisha huku mwenyewe unajisikia freshi kabisa, unazimia ghafla bila kutapatapa, mara nyingi ukiwa unapanda juu. Watoto pale pembeni wanaendelea kupiga makofi, wanaona nguva katulia. Mwokoaji aliyekaa kwenye kiti na simu hataona tofauti, ndo maana nataka mtu ndani ya maji, miwani usoni, anayejua ishara zako na kazi yake ni wewe tu.

Na sisi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar, kwa hiyo muda anaokaa chini mtu wa pwani usiuige. Juni na Julai ndo usiseme, maji ya bwawa la nje yanakuwa ya baridi kali, ukitetemeka oksijeni inaliwa haraka. Tena msimu huo kila mtu ana mafua, na ukizama na mafua masikio hayasawazishi presha, ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Macho nayo yanakaa wazi kwenye klorini shoo nzima.

Kuna aliyeniambia atatumia mpira wa kuvutia hewa akiwa chini ya maji, kama nguva wale wa Florida, auunge kwenye kompresa ya gereji. Hapana jamani! Hewa ile inaweza kuwa na moshi na mafuta, halafu ukivuta hewa ya mpira ukiwa chini ukapanda umebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka hata kwenye bwawa la kawaida.

Wanaofikiria Matema, maji ya Ziwa Nyasa yana joto zuri kweli, ila kichocho kipo ziwani, mkapime baadaye.

Binti nimemwambia aongeze hela ya mtu wa pili kwenye bei yake. Hoteli wakikubali, mtu huyo nitakuwa mimi.